SOMO: Programu ya mahesabu inasomaje akaunti yako ya benki bila kujua neno lako la siri?

Habari zenu wanakikundi. Wengi mmeuliza inawezekanaje programu ya mahesabu ya duka isome miamala ya benki bila mtu kupanga foleni ya stetimenti yenye muhuri. Ulaya ni suala la kisheria: tangu Januari 2018, PSD2, sheria ya Umoja wa Ulaya ya huduma za malipo, inazitaka benki ziwafungulie watoa huduma wenye leseni taarifa za akaunti, mteja akiridhia. Tuangalie benki inajipangaje.

Hatua ya 1: Mtambo mkuu unakingwa. Humo ndimo salio la kila mteja linamokaa, na mitambo mingi ni ya zamani, imezoea kufunga hesabu usiku. Programu kibao zikiuliza salio mchana kutwa, mtambo utaelemewa kama ATM mwisho wa mwezi. Basi benki hujenga mbele yake tabaka la API, yaani mlango ambao programu moja huutumia kuomba taarifa kwa nyingine, mara nyingi na nakala ya miamala ya kusomwa tu. Kwa maoni yangu kazi ngumu iko hapa. App ya kupendeza mtu yeyote anatengeneza.

Hatua ya 2: Anayeomba anatambuliwa. Programu huja na cheti cha kidijitali. Haina? Haipiti.

Hatua ya 3: Ridhaa. Hapa tusiharakishe. Tuseme mama mwenye duka la pembejeo Kilombero kabonyeza "Unganisha benki". Programu inampeleka kwenye ukurasa wa benki yenyewe. Anaingia huko, anaoneshwa akaunti ipi itasomwa, miamala ya kuanzia lini, na ruhusa itadumu hadi lini. Akikubali, benki inaipa programu tokeni: mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, unaofungua kile tu alichokubali, na una mwisho wake. Neno la siri programu hailioni kabisa. Ikikudai PIN ya benki ndani yake yenyewe, ifute hapohapo.

Hatua ya 4: Majaribio. Watengenezaji hupewa akaunti za kubuni wajaribie kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kaka, hii si ndiyo TIPS?*
Hapana. TIPS ya Benki Kuu ya Tanzania inahamisha pesa papo hapo kati ya benki na mitandao ya simu. Haimruhusu mtu wa tatu kuchungulia miamala yako.

*Niko Mbuyuni, Moshi. Nikighairi je?*
Unafuta ridhaa kwenye mfumo wa benki, tokeni inakufa. Taarifa zilizokwisha kuchukuliwa ni habari nyingine, dada: waandikie wenye programu uombe zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 unaweza kuitaja kwenye barua hiyo.

*SACCOS yetu bado iko kwenye Excel. Tuanzie wapi?*
Kwenye namba za wanachama. Kila mtu namba moja, maana "Massawe" wa karatasi ya akiba na "Masawe" wa karatasi ya mikopo kompyuta inawahesabu watu wawili. Mkimaliza hapo, ndipo muite fundi wa API.