Namna ya Kupiga Picha Chakula kwa Simu katika Mwanga wa Mtwara

Pweza wa kukaanga akipigwa picha chini ya turubai la bluu, kama lile linalotandwa juu ya meza za wachuuzi, hutoka na rangi ya mgonjwa, hata kama umemchagua mwenyewe asubuhi ile ile pale Feri, kwenye soko la samaki. Turubai huupaka mwanga rangi yake kabla haujafika kwenye sahani, na ukuta uliopakwa rangi ya kijani hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo, kabla ya kugusa simu, tazama juu na pembeni ujue mwanga unapita wapi, kisha uibebe sahani uipeleke penye mwanga safi.

Mji wa Mtwara uko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 22 Februari, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Mwanga wa namna hiyo hauufai mlo: wali huwa mweupe kupita kiasi hadi punje zisionekane, huku mchuzi ukizama katika kivuli cheusi cha ukingo wa bakuli. Wapiga picha wengi hushauri kusubiri jioni, lakini ushauri huo haumsaidii mtu ambaye chakula chake cha mchana kinapakuliwa saa saba. Dawa yake ni baraza. Weka sahani kivulini, hatua moja au mbili ndani ya mpaka wa jua, mahali ambapo mwanga wa anga unaingia kutoka upande mmoja tu. Kisha, upande wa pili, simamisha karatasi nyeupe ili irudishe mwanga kidogo kwenye kivuli. Usitumie sufuria inayong'aa badala ya karatasi, kwa kuwa humwaga mabaka makali. Katika nyumba kongwe za mawe za Mikindani, ambazo kuta zake ni nene, mlango uliofunguliwa unatosha kufanya kazi hiyo, mradi taa ya ndani izimwe, kwa sababu mwanga wa balbu ya njano ukichanganyika na wa mchana, nusu ya ugali itaonekana kama imepakwa manjano.

Futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Jasho la vidole na unyevu wa pwani huacha utando ambao wengi huudhania kuwa ubovu wa simu. Gusa kwenye kioo pale unapotaka paonekane vizuri zaidi, kisha upunguze mwanga kidogo, hasa kwa wali wa nazi na ugali wa muhogo. Usiisogeze simu karibu mno, maana sahani ya duara itapinda. Rudi nyuma kidogo, ukuze picha mara mbili.

Kila chakula kina upande wake. Ming'oko ya kuchemsha, yaani mizizi ya mwituni, ambayo haina rangi ya kujivunia, hupendeza ikipigwa kutoka juu ikiwa ndani ya ungo, kwa kuwa msuko wa ungo huipa uhai. Pweza apigwe kutoka pembeni, mwanga ukitokea nyuma yake, ili vikombe vya mikono yake vionekane kimoja kimoja. Tone la mafuta au la ndimu humrudishia mng'ao aliopoteza. Mvuke nao huonekana tu ukiwa na mwanga nyuma na kitu cheusi mbali kidogo. Chai ya rangi na juisi ya mabibo, matunda ya mkorosho, ziwekwe kwenye glasi safi, mwanga upenye kutoka nyuma, kwani zikimulikwa kutoka mbele hufanana na maji machafu.

Msimu wa korosho ukifika, lipige picha bibo likiwa bado mtini, korosho ikining'inia chini yake, kwa sababu likishachumwa hupondeka na kuchacha upesi. Anayeshika bibo kwa ajili ya picha asivae kanzu nyeupe, kwa kuwa maji yake huacha doa lisilotoka, na asithubutu kuing'ata korosho mbichi kwa mbwembwe, maana mafuta ya ganda lake huunguza midomo.

Ukitandika kanga chini ya sahani, soma kwanza maneno yake. Nimewahi kuona picha nzuri ya biriani ya harusi ikiwa juu ya kanga yenye kijembe, na hakuna aliyeizungumzia biriani. Kunja upindo wa maneno, au tumia mkeka wa ukindu.

Kwa mama lishe, omba ruhusa kabla ya kutoa simu, na umlipe kwanza. Picha tatu au nne zinatosha. Marekebisho ya rangi yangoje hadi umeshanawa mikono baada ya kula, kwani samaki wa nazi akishapoa, mafuta yake hujitenga juu ya mchuzi na hata picha ya tano haitakuwa na maana.