Nyama ya sikukuu iliyobaki: makaroni ya kuoka yasiyokauka

Nyama iliyobaki baada ya sikukuu imeshaiva. Ukilisahau hilo, utatoa kwenye oveni makaroni makavu yenye nyama iliyokakamaa kama kamba, kwa sababu utakuwa umeipika mara ya pili. Katika chakula hiki oveni haina cha kuivisha. Inapasha moto, inashikamanisha sosi na makaroni, na inaupa uso wa juu rangi.

Kabla ya yote, hakikisha nyama yenyewe ni salama. Iwe iliingizwa kwenye friji ndani ya saa 2 tangu itoke motoni, na isiwe imekaa humo zaidi ya siku 3 au 4, friji ikiwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo. Nyama iliyoshinda mezani kutwa nzima haiokolewi na moto, maana baadhi ya bakteria huacha sumu ambayo joto la kupikia haliivunji. Hata kama bado inanukia vizuri, itupe.

Kwa watu 6 na trei ya sentimita 33 kwa 23 yenye kina cha sentimita 5, andaa makaroni makavu gramu 350, minofu ya nyama iliyopikwa gramu 450, siagi gramu 60, unga wa ngano gramu 60, maziwa mililita 700, supu mililita 300, jibini gramu 200, kitunguu maji kikubwa kimoja na punje mbili za kitunguu saumu. Supu ipate kutoka kwenye mifupa ileile: ichemshe kwa moto mdogo saa 2, chuja, acha ipoe, kisha engua mafuta yaliyoganda juu. Kama umebakiwa na mchuzi mzito, unaweza kuutumia badala ya supu, ila punguza unga hadi gramu 45 kwa kuwa mchuzi huo tayari una uzito wake.

Nyama zote hazitendewi sawa, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kifua cha kuku au cha bata mzinga hakina mafuta ya kukilinda, kwa hiyo kichane kwa mkono, vipande vya ukubwa wa kidole gumba, na kitie kwenye sosi mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Ukikikata vipande vidogo sana kitakauka na kuwa kama vumbi mdomoni. Nyama ya bega au ya mguu iliyochomwa ikabaki ngumu inahitaji kinyume chake: ikate vipande vya sentimita moja, ifunike na ichemke taratibu ndani ya ile supu dakika 30 hadi 40, mpaka iachie. Sarara na minofu mingine isiyo na mafuta usiichemshe, itazidi kuwa ngumu. Ikate nyembamba ukikatiza nyuzi zake. Nyama iliyohifadhiwa kwa chumvi au moshi ionje kwanza, kisha usitie chumvi yoyote kwenye sosi mpaka jibini iwe imeingia, kwa sababu nayo ina chumvi. Ngozi na mafuta meupe yaliyoganda viondoe vyote, la sivyo vitayeyuka na kuelea juu ya trei.

Tengeneza sosi kabla ya kuchemsha makaroni, ili makaroni yasingoje na kugandana. Yeyusha siagi, kaanga kitunguu maji dakika 6 kwa moto wa wastani bila kukiunguza, ongeza kitunguu saumu, kisha nyunyiza unga wote na ukoroge dakika 2. Unga mbichi una harufu yake, na ikishatoweka, mimina maziwa ya vuguvugu. Anza na upawa mmoja tu. Mchanganyiko utajikunja na kuwa donge moja zito, usiogope. Koroga kwa nguvu mpaka ulainike kabisa ndipo uongeze upawa wa pili. Madonge hutokea maziwa yanapomiminwa yote kwa pamoja, kwani unga wa nje huiva na kufungia ndani unga mkavu. Yakishatokea, chuja sosi na uendelee.

Tia supu, iache sosi itokote dakika 5, weka pilipili manga na kungumanga kidogo. Chovya mwiko, kisha pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ubaki, lakini kingo zake zianze kutiririka. Ukiona mstari umesimama wima bila kusogea, ongeza maziwa. Epua, subiri dakika moja, ndipo utie gramu 140 za jibini ulizokwaruza mwenyewe. Jibini ikichemka hunyumbuka kama mpira na mafuta yake hujitenga. Ile inayouzwa ikiwa imeshakwaruzwa huwekewa wanga ili isishikane, kwa hiyo haiyeyuki vizuri.

Makaroni chemsha kwenye maji lita 3.5 yenye kijiko kimoja na nusu cha mezani cha chumvi, dakika 3 pungufu ya zilizoandikwa kwenye pakiti. Kata moja katikati: uone bado kuna duara jeupe ndani ya ukuta wake. Chuja bila kuyasuuza na uyaingize moja kwa moja kwenye sosi pamoja na nyama. Ukitaka kuongeza uyoga au spinachi, vikaange kwanza na uvikamue, kwani vikiingia vibichi vitatoa maji na kuikata sosi.

Mchanganyiko kwenye trei uonekane umezidi maji. Ukiinamisha trei, sosi isogee upande mmoja, maana makaroni yataendelea kuinywa yakiwa ndani ya oveni. Nyunyiza jibini iliyobaki pamoja na konzi ya chenga za mkate zilizochanganywa na siagi iliyoyeyuka. Funika kwa karatasi ya foili, oka kwa nyuzi 190 dakika 15, funua, oka nyingine 15. Oveni yenye feni iwe nyuzi 170. Kingo zikitokota na katikati pakifika nyuzi 74, toa. Pumzisha dakika 10 kabla ya kukata, sosi ikaze.

Trei iliyoandaliwa jana yake na kulala kwenye friji iongezee dakika 15 hadi 20 chini ya foili. Kama ni ya kioo, usiitoe kwenye baridi na kuitia kwenye oveni ya moto moja kwa moja, inaweza kupasuka. Kitakachobaki kipashe mara moja tu, kila sahani na vijiko viwili vya maziwa, kikiwa kimefunikwa.