Kabla ya kumwaga makaa kwenye pipa la rangi

Mwenye karakana ya kutia vitambaa rangi hapa Malindi, maji yake ya suuza huishia mchangani, na mchanga huo ndio unaolisha visima vyetu. Makaa amilishi, yaani makaa yaliyotiwa vitundu vidogo vidogo kwa mvuke wa joto kali, yanaweza kuinasa rangi hiyo ndani ya pipa, mkupuo baada ya mkupuo. Lakini usinunue hata kilo moja kabla hujayapima maji yako.

Pima maji ya suuza yenyewe. Visima vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi hubadilisha jinsi rangi inavyoshika: nyingine hunaswa zaidi, nyingine hugoma. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, nayo vivyo hivyo. Niliwahi kukoroga rangi moja katika mitungi miwili ya kioo, mmoja maji ya mvua, mwingine maji ya kisima, makaa kijiko kimoja kimoja. Asubuhi mmoja ulikuwa mweupe, mwingine bado kama chai ya rangi.

Makaa ya jikoni hayatoshi. Yaliyoamilishwa kwa mvuke wa nyuzi 800 hadi 1000 za Selsiasi huwa na vitundu vingi mno, hata gramu moja ikawa na uso wa karibu mita 1000 za mraba. Ya vifuu vya nazi ni mazuri, ila vitundu vyake ni vyembamba sana. Molekuli kubwa za rangi huenda zisipenye. Hapo jaribu ya mbao.

Sasa jaribio lenyewe, na hapa usiharakishe. Tia maji kiasi kilekile katika mitungi sita, kila mmoja na uzito wake wa makaa. Tikisa mpaka rangi iache kupungua, chuja, pima iliyobaki. Utapata mchoro uitwao isothemu, unaoonyesha gramu moja hunasa kiasi gani kwa kila kiwango cha rangi kilichobaki majini. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kupiga hesabu kwa uwezo wa juu kabisa wa makaa, wakati uwezo unaotakiwa ni ule wa kiwango unachotaka kibaki.

Tuseme una lita 1000 zenye miligramu 10 za rangi kwa lita, unataka ibaki 1. Unaondoa gramu 9. Uwezo wa juu ni miligramu 100 kwa gramu, kwa hiyo utashawishika kununua gramu 90. Lakini isothemu inasema rangi ikibaki miligramu 1, gramu moja hunasa 10 tu. Unahitaji gramu 900! Gawa kazi mara mbili: kwanza shuka hadi 3, ambapo gramu moja hunasa 25, kisha chuja na utie makaa mapya. Gramu 280, halafu 200, jumla 480. Karibu nusu ya gharama imeokoka, kwa kuongeza pipa moja.

Unga laini hunasa upesi, lakini hupenya kitambaa cha kuchujia, kwa hiyo acha utuame usiku kucha. Kikorogeo kifike chini ya pipa.

Makaa yaliyokwisha kazi bado yameibeba rangi yote. Yaanike, yafunge kwenye gunia lisilovuja, na uyaweke juu ya sakafu ya saruji, mbali na kisima, mpaka upate mahali pa kuyachoma kwa joto kali.