Namna ya Kuandika Maisha ya Bibi: Mwongozo kwa Wajukuu wa Wahamiaji wa Pwani

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Mombasa, binti wa Mshihiri, yaani mtu wa asili ya Shihr huko Hadhramaut, aliyekuwa akitembeza kahawa tungu kwa dele, birika la shaba, katika mitaa ya Mji wa Kale. Alipofariki, mmoja wetu aliombwa aandike maneno ya kumkumbuka, akaandika kwamba marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu na mcha Mungu. Hakuna aliyeyakataa maneno hayo, kwa kuwa yalikuwa ya kweli, lakini mama mdogo alisema kwamba yangeweza kusomwa katika msiba wa nyumba yoyote ya mtaa ule bila kubadilishwa hata neno moja. Mwongozo huu umetokana na kazi niliyoifanya baada ya hapo, ya kumwandika bibi kwa matendo yake na kwa maneno yake mwenyewe. Nimewakusudia hasa wajukuu wa watu waliotoka Hadhramaut, kusini mwa Yemen, ingawa mwenye asili ya Oman, Kachi ya India au Ngazija ataona mengi yanayomfaa.

Anza kukusanya hata kabla ya matanga kuondolewa. Siku hizo wanawake waliokua na marehemu hukaa pamoja kutwa nzima, na kisa kimoja huzaa kingine kwa namna ambayo hutaipata tena. Usitoe simu kuwarekodi, kwa sababu mtu mwenye majonzi hahojiwi. Sikiliza, kisha usiku andika katika daftari nani alisema nini. Arubaini ikishapita, rudi kwa kila mmoja nyumbani kwake, ukianza na aliye mkubwa kuliko wote, na hapo ndipo uombe ruhusa ya kurekodi. Usiwasahau majirani na waliomsaidia kazi za nyumbani, kwani hao walimwona saa ambazo watoto wake hawakuwapo.

Namna ya kuuliza ndiyo itakayoamua unapata nini. Ukiuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?", utajibiwa kwa sifa zilezile za msibani. Uliza mambo ya mikono: alianza na kazi gani alfajiri, unga aliununua kwa nani, alipokasirika alisema nini, nani alikuwa akimdai na yeye alikuwa akimdai nani. Swali la unga ndilo lililonipa kisa ambacho leo ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Bibi alikuwa akioka mikate ya mofa ya kuuza, na kila alipokwenda kununua unga wa mtama alichukua pishi yake mwenyewe, chombo cha kupimia nafaka, chini ya buibui. Muuzaji akimpimia kwa kipimo pungufu, bibi huumwaga unga wote juu ya meza na kuupima upya mbele ya wateja, taratibu, huku akihesabu kwa sauti. Wanawake watatu walinisimulia tukio hilo, kila mmoja kwa namna yake, nami nikaandika masimulizi yote matatu, kwa sababu hitilafu zao pia ni sehemu ya ukumbusho.

Baada ya hapo shughulikia nasaba, na hapa nakuomba uwe makini sana. Familia nyingi zenye asili ya Hadhramaut zina shajara, yaani orodha ya ukoo, inayorudi nyuma vizazi vingi, lakini imejaa majina ya wanaume. Wanaume ndio waliokuja na majahazi wakati wa kaskazi, wengi wao bila wake, na wengi wakaoa hukuhuku pwani. Kwa hiyo mama yake bibi yako huenda alikuwa Mswahili wa Mvita, Mbajuni au Mdigo, na upande huo wote haukuandikwa popote. Uliza jina la mama yake, la mama wa mama yake, na la mtaa au kijiji chao, kabla hujauliza lolote kuhusu Shihr au Mukalla, miji ya bandari ya Hadhramaut. Mimi nilichelewa kufanya hivyo, na jina la mama wa bibi yake bibi sikulipata tena, kwani aliyelijua alikwisha kutangulia.

Tarehe zitakusumbua. Wanawake wa Kenya walianza kusajiliwa kwa vitambulisho baada ya sheria kurekebishwa mwaka wa 1978, na mwaka wa kuzaliwa uliomo katika kitambulisho cha mtu mzima wa wakati ule mara nyingi ulikisiwa na karani. Afadhali ujenge umri wake kwa matukio anayohusishwa nayo. Bibi alikuwa akisema kwamba aliposwa mwaka wa mgomo, na mgomo mkuu wa Mombasa ulikuwa Januari 1947. Matukio mengine yanayofaa ni uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, na daraja jipya la Nyali lililofunguliwa mwaka wa 1980, ambalo lilichukua mahali pa lile la kuelea. Kumbuka pia kwamba waliohesabu umri kwa mwaka wa hijra walihesabu mwaka mfupi kwa siku zipatazo 11, hivyo aliyesema ametimiza miaka 66 alikuwa na takriban miaka 64 ya kalenda ya kawaida.

Karatasi na vitu vyake vikusanye upesi, kwa sababu hugawanywa haraka. Piga picha kila leso kabla haijatolewa sadaka, na andika jina lililochapwa juu yake pamoja na aliyempa. Jambo linaloniuma ni la karatasi za herufi za Kiarabu. Wanawake wengi wa rika lake waliandika Kiswahili kwa herufi hizo, na sisi tusiojua kuzisoma tulidhani kila karatasi ni aya ya Qurani, tukazika baadhi yake kwa heshima. Alipokuja mzee mmoja wa mtaani kuzisoma zilizobaki, tulikuta hesabu za mikate, majina ya wadeni na barua. Usizike wala kuchoma karatasi yoyote kabla haijasomwa na mtu anayezijua herufi hizo.

Barua hizo ndizo zilizotufikisha kwenye jambo ambalo halikuwa likisemwa nyumbani. Babake alikuwa ameacha mke na binti kule Shihr kabla ya kuja Mombasa. Njaa ilipoikumba Hadhramaut mwaka wa 1943 na 1944, wakati vita vilipokatiza fedha zilizokuwa zikitumwa na jamaa waliokuwa Java na Singapore, bibi alikuwa msichana mdogo, na aliwahi kumsimulia mama mdogo kwamba alimwona babake akilia juu ya barua, bila kuambiwa ni kwa nini. Alipokuwa mtu mzima, miaka mingi mfululizo, kila kusi ilipoanza na majahazi kurudi Arabuni, alipeleka mzigo wa nguo na sukari kwa dada ambaye hakupata kuonana naye maishani. Mambo kama haya usiyaandike kwa papara. Waulize kwanza wanaohusika walio hai, na akikataa mmoja, iandike sehemu hiyo katika nakala ya pembeni itakayosomwa baadaye. Kwetu walikubali, na nashukuru, kwa sababu bila mzigo ule hakuna anayeweza kuelewa bibi alikuwa na mapenzi ya aina gani.

Vilevile usiufiche ukali wake. Bibi aliwahi kukaa mwaka mzima bila kusema na shemeji yake kwa ajili ya sufuria, na wote wawili walikuwa na makosa. Mtu aliyeandikwa bila hasira zake hawezi kutambuliwa na waliomjua.

Maneno yake yaandike kama alivyoyatamka. Ikiwa alisema "ndoo" badala ya "njoo", "mato" badala ya "macho", "yeo" badala ya "leo", usiyasahihishe kwa Kiswahili cha shule. Masimulizi yako wewe yanaweza kuwa ya Kiswahili sanifu, lakini akifungua kinywa bibi, aseme Kimvita, lahaja ya Mombasa, pamoja na maneno ya Kiarabu cha Kishihiri aliyoyarithi kwa babake.

Ukiketi kuandika, usianze na kuzaliwa, ambako huenda unakujua kidogo kuliko yote. Anza na kisa kimoja unachokimiliki barabara, halafu rudi nyuma. Kurasa kumi zinatosha. Piga chapa nakala kwa kila nyumba, kwa herufi kubwa ambazo wazee wataziona, na uache pambizo pana. Kisha isome kwa sauti siku ya hitima ya mwaka, wakiwapo watu wote. Sisi tuliposoma yetu, shangazi wa mama alinikatiza mara mbili: unga haukumwagwa juu ya meza bali juu ya mkeka, na pishi ile ilikuwa ya mamake bibi. Nikayaandika yote mawili pambizoni, pamoja na jina lake.