Ukifika Beijing, ingia Kasri la Kiangazi kwa lango la kaskazini

Wageni wengi huingia Yiheyuan, yaani Kasri la Kiangazi, kwa lango la mashariki, wakakwama kwenye msongamano tangu hatua ya kwanza. Wewe panda treni ya chini ya ardhi, laini namba 4, ushuke kituo cha Beigongmen, karibu na lango la kaskazini. Fika asubuhi mapema, na pasipoti usiisahau, tiketi inaihitaji.

Kutoka hapo utapanda Kilima cha Maisha Marefu ungali na nguvu. Ukifika juu, Ziwa Kunming lote linafunguka chini yako. Hapo ndipo utaelewa bustani hii: karibu robo tatu yake ni maji. Mfalme Qianlong aliianzisha mwaka 1750, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yakaichoma 1860, ikajengwa upya enzi za Malkia Mama Cixi.

Ukishuka, tembea taratibu kwenye Ukumbi Mrefu, mita 728 za kivuli, na uinue macho: boriti zimejaa michoro ya hadithi. Mimi ningetumia saa nzima hapo. Kisha zunguka ziwa hadi Daraja la Matao Kumi na Saba. Vaa viatu vya kutembelea, maana mzunguko ni mrefu kweli.