Kustaafia melini ukitokea Arusha au Moshi: anza na viza, nauli baadaye

Mstaafu anayetaka kuhamia kwenye meli za kitalii huuliza kwanza bei ya chumba. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania hilo ni swali la pili. Kampuni ya meli hukagua karatasi zako gatini kabla hujapanda. Ukikosa viza ya nchi moja tu inayoidai njiani, unaachwa nchi kavu, na nauli kwa kawaida hairudi.

Kwa hiyo chukua karatasi, chora miezi 12, uipange kwa viza. Tuanze na Mediterania, maana ndiko wengi hukosea. Meli inayozunguka Barcelona, Marseille, Genoa na Napoli haitoki eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kila siku inahesabika, hata ile uliyoshinda chumbani bila kushuka. Unaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, na tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuhesabu siku hizo kwa mfumo wa kielektroniki badala ya mihuri, kwa hiyo usitegemee ofisa akosee hesabu. Omba viza ya kuingia mara nyingi. Meli ikipitia Uturuki kisha ikarudi Italia, wewe umetoka Schengen na unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja imekufia hapo. Uturuki nayo ina viza yake, na Uingereza vilevile. Ada ya Schengen ni euro 90, bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Tenga na safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya alama za vidole.

Asia ni nafuu kwetu. Singapore, Malaysia, Ufilipino na Hong Kong hazimdai Mtanzania viza kwa matembezi mafupi, na Singapore ina meli zinazoanzia na kuishia hapo. Vietnam hutoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, ya hadi siku 90. Japani inataka viza kamili, kwa hiyo soma orodha ya bandari zote za safari kabla ya kulipa.

Marekani imekaza masharti mno kwa Watanzania tangu 2025, na safari nyingi za Karibi huanzia Florida. Iweke kando, isipokuwa kama tayari una viza hai. Hata hapo, kuna sheria ya 1886 inayokataza meli zisizo za Marekani kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine bila kupitia bandari ya nchi ya mbali. Kanada haihesabiwi kuwa ya mbali: ukiunganisha Seattle hadi Vancouver na Vancouver hadi Los Angeles kwenye meli ileile, kila safari ni halali peke yake, ila zote mbili pamoja zinakuwa kosa, na faini itakufikia wewe.

Sasa fedha. Bei zinazotangazwa ni za mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Mjane au mseja anaweza kutozwa nauli ya vitanda vyote viwili. Tuchukue chumba cha ndani kisicho na dirisha kwa dola 100 kwa mtu kwa usiku: mke na mume ni 200. Ongeza bakshishi inayokatwa moja kwa moja, tuseme dola 18 kwa kila mtu kwa siku, na intaneti dola 20. Jumla 256 kwa siku. Kwa siku 270 ni dola 69,120. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 ni takriban milioni 173, bila ndege, viza wala bima. Pensheni ya mwalimu haifiki huko, tusidanganyane. Mpango huu ni wa mwenye nyumba za kupangisha, aliyeuza kampuni ya utalii, au mwenye watoto nje walio tayari kuchanga. Kinachopunguza gharama ni kuunganisha safari ndefu, hasa zile za meli inapohama kanda, Aprili na Oktoba hivi, ambazo huuzwa rahisi kwa kuwa siku za baharini ni nyingi. Ukiunganisha safari, omba chumba kilekile zote. Vinginevyo utafungasha mizigo kila wiki.

Zipo pia meli za makazi, unaponunua chumba moja kwa moja. The World inasafiri tangu 2002 na ina makazi 165, ya matajiri. Meli mpya za bei nafuu ndizo za kuangalia kwa macho mawili. Mwaka 2023 safari ya miaka mitatu ya Life at Sea ilifutwa siku chache kabla ya kuondoka, kwa sababu kampuni haikuwa imeipata meli yenyewe. Villa Vie Odyssey, iliyojengwa 1993, ilikwama Belfast kwa matengenezo kuanzia Mei hadi mwisho wa Septemba 2024. Kabla ya kutoa senti, dai jina la meli na namba yake ya IMO, yaani namba ya kimataifa ya utambulisho wa meli yenye tarakimu 7, kisha hakikisha mmiliki aliyesajiliwa ndiye anayekuuzia, au ana mkataba naye.

Ndiyo maana nyumba ya Njiro au Rau usiiuze. Ipangishe, na umwachie mtu mmoja hati ya uwakili iliyosainiwa mbele ya wakili, inayotaja anachoruhusiwa kufanya na asichoruhusiwa: kupokea kodi sawa, kuuza hapana. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo atakayeilipa ni mpangaji. Iandikeni kwenye mkataba msije mkagombana. Kodi ya pango la ardhi inabaki kwako. Mfuko wa pensheni nao hufanya uhakiki, na asiyehakikiwa malipo yake husimamishwa, kwa hiyo uliza utahakikiwaje ukiwa nje.

Afya: meli ina daktari na chumba cha dharura, haina upasuaji mkubwa wala usafishaji damu wa figo. Mwenye figo mbovu au moyo usiotulia asiende. Bima ya taifa haikufuati baharini. Bili ya daktari inaingia kwenye akaunti yako ya chumba. Nunua bima inayotaja kuhamishwa kwa helikopta, na usome ukomo wa umri na wa siku za safari moja, kwani bima nyingi za safari haziendi zaidi ya miezi michache. Kabla ya kuondoka fanya uchunguzi kamili, hospitali ya KCMC au kwingine, uchukue ripoti kwa Kiingereza, dawa zikiwa kwenye pakiti zake, na kadi ya njano ya chanjo. Ukipata homa wiki za mwanzo, mwambie daktari wa meli umetoka Tanzania na unataka kipimo cha malaria, huenda asikifikirie.

Bima hiyohiyo ilipie kurudisha mwili. Jambo hili wazee hulikwepa, lakini anayetaka kuzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, asipoliandika anawaachia watoto mchango wa mamilioni.

Desemba nauli za meli hupanda kwa sababu ya Krismasi na mwaka mpya. Vizuri: ndio mwezi wa kwenda kuhesabiwa, kama Wachagga wanavyouita mkusanyiko wa ukoo nyumbani. Rudi kupitia uwanja wa ndege wa KIA, pumzisha siku zako za Schengen, fanya uhakiki, kagua nyumba.

Mwisho, vitu vidogo vinavyokwamisha. Benki hutuma namba ya siri kwenye laini yako ya Tanzania, na mtandao wa simu wa baharini ni ghali. Hamishia uthibitisho kwenye programu ya benki inayofanya kazi kwa intaneti ya meli. Laini isipotumika muda mrefu hufungwa, kwa hiyo iwekee vocha na uitumie ukifika bandarini. Soketi za chumbani kwa kawaida ni za Kimarekani za volti 110 na za Ulaya za volti 220. Plagi yetu ya miguu mitatu haiingii. Beba adapta mbili. Pasi na birika la umeme acha nyumbani, maana vitachukuliwa kwenye ukaguzi kwa kuhofia moto.