Fidla Lamu: kuitunza kwenye hewa ya chumvi na kumtia mwanafunzi sikio la Rasti

Fidla ni mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, na gundi hiyo ina maadui wawili, joto na unyevu. Lamu wote wawili wapo. Kwa hiyo anayefundisha fidla hapa aijue kwanza ala yenyewe, maana mwanafunzi hawezi kushika sauti kwenye ala ambayo nayo haishiki sauti.

Usiiweke kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Ni pazuri kwa vyombo vya kauri, lakini ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya maji na kuyatoa polepole, na masika ukigusa ukuta wa nje utausikia ulivyo. Weka kasha juu ya kabati, kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Fidla hupenda unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Tia kipimo kidogo cha unyevu ndani ya kasha pamoja na vipakiti vya silika, zile chembe zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe kila vinaposhiba.

Ukivuka kwenda Mokowe, lifunge kasha kwenye mfuko mzito wa nailoni kwa sababu ya maji yanayorushwa na boti. Ukifika, ufungue mara moja. Kasha jeusi likikaa juani gundi hulainika na ubao wa juu huachana na mbavu. Kulijua hilo, gonga kingo zote taratibu kwa kifundo cha kidole: palipofunguka patatoa mlio wa kutatarika. Usipazibe kwa gundi kali ya dukani. Kiungo hiki kimefanywa kiachie kabla ubao haujapasuka, na ukikigandisha moja kwa moja, safari ijayo kitakachopasuka ni ubao.

Kila ukimaliza kupiga, futa nyuzi na mwili wa fidla kwa kitambaa kikavu cha pamba, kwani jasho na chumvi hula nyuzi za chuma. Legeza upinde mpaka singa, zile nywele zake, zilale. Ukiukaza tena, nafasi kati ya fimbo na singa, pale katikati, iwe ya unene wa penseli. Kasha lililofungwa miezi mingi huzaa vidudu vinavyokata singa, basi lifungue na lipate mwanga.

Vigingi vya kukazia nyuzi hufura masika na kukwama, kaskazi hukauka na kuteleza. Kinachokwama kipake sabuni kavu, kinachoteleza kipake chaki, kidogo sana. Nyuzi zibadilishe mmoja mmoja. Ukizitoa zote pamoja, ile nguzo ndogo iliyosimama ndani huanguka, na kuirudisha ni kazi ya fundi.

Daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, nalo liangalie kila siku. Unapokaza nyuzi, kichwa chake huvutwa kuelekea vigingi. Upande unaotazama mkia usimame wima kabisa juu ya ubao. Likiinama, ipakate fidla, shika kichwa cha daraja kwa vidole vya mikono miwili, ulirudishe kwa nguvu ndogo. Risasi ya penseli kwenye vijikato vya nyuzi husaidia zisiliburute.

Sasa mwanafunzi. Kabla ya kumnunulia fidla, mwambie aishike begani na anyooshe mkono wa kushoto. Vidole vikizunguka kichwa cha fidla na kiwiko kikabaki kimepinda kidogo, inamfaa. Mzazi akitaka kununua kubwa ili mtoto aikulie, mkatalie kwa upole, kwa sababu mkono uliovutika hupoteza sauti kila noti.

Nyuzi ni sol, re, la, mi, kutoka nene hadi nyembamba. Wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu huzishusha mbili za juu, zikawa sol, re, sol, re. Inafaa, lakini kwa anayeanza ningeiacha kwa miezi ya mwanzo.

Anza na Rasti, mojawapo ya maqamu (ngazi za sauti) za muziki wa Kiarabu, kwenye uzi wa sol. Fidla ya ukubwa kamili ina uzi wa milimita 328 kutoka ukingo wa juu wa kibao cha vidole hadi darajani. Bandika vipande vyembamba vya utepe kutoka ukingo huo: kidole cha kwanza milimita 36, cha pili 60, cha tatu 82. Neema ya Rasti kwenye sol ni kwamba uzi wa re unatumia alama hizo hizo, kwa hiyo mwanafunzi anapata ngazi nzima kwa umbo moja la mkono.

Penye kazi ni kidole cha pili. Kikigusa cha kwanza (52) umeingia maqamu ya Nahawandi, kikigusa cha tatu (68) umeingia ya Ajamu. Cha Rasti kinasimama kati bila kugusa upande wowote. Mwanafunzi aliyezoea kinanda cha umeme atakisukuma juu, kwa kuwa kinanda cha kawaida hakina sauti hiyo ya robo. Programu ya simu ya kupimia sauti nayo itaonyesha mshale umekaa katikati ya noti mbili, kama senti 50 hivi (senti 100 ni nafasi kati ya noti mbili zinazofuatana za kinanda), na mtoto atadhani amekosea. Mwambie mapema kwamba hapo ndipo.

Apige kila noti upinde mzima kwa hesabu ya nne, akiimba kwanza ndipo apige. Dakika 15 kila siku zinashinda saa mbili za Ijumaa. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, fidla ilikuwamo pamoja na udi. Msikilizishe santuri hizo, asikie fidla ikiandamana na mwimbaji.

Kidole cha pili kikitulia, bandua utepe wake kwanza, maana ndicho kitakachohama maqamu ikibadilika. Utepe wa cha kwanza na cha tatu uache mwezi mmoja zaidi.